Familia iliyounguliwa na nyumba: kurudi au kuhama?

Familia ya kisa hiki haina jina kwa sababu si familia moja. Nimeiunda kwa ajili ya mafunzo, kutokana na mambo yanayojirudia kila moto wa nyika unapoingia kwenye makazi ya watu, ili washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii wawe na kitu cha kujadili. Wako watano: baba na mama wa umri wa makamo, binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 7, na bibi mzaa baba, mwenye kisukari na miguu iliyochoka. Nyumba ilikuwa ya mkopo ambao haujamalizika kulipwa. Ilikuwa na bima.

Moto ulifika mchana. Mama alikuwa nyumbani na bibi, baba kazini, watoto shuleni, kila mmoja shule yake. Amri ya kuhama ilitoka barabara zikiwa zimeshajaa magari, na simu hazikushika. Walikutana wote usiku wa manane kwenye ukumbi uliogeuzwa kituo cha waliohamishwa. Nyumba yao iliteketea hadi msingi. Ya jirani wa kushoto ilibaki imesimama, na vyungu vyake vya maua barazani.

Moto wenyewe sitauzungumzia sana. Kinachonishughulisha ni mwaka mmoja na nusu uliofuata, na hasa mgogoro uliokaribia kuivunja familia: baba alitaka kujenga palepale, upesi, mama hakutaka hata kupita mtaa ule. Waliojaribu kuwasuluhisha waliuchukulia kuwa ubishi wa mahali pa kuishi, wakaleta hoja za mahali: usalama, shule, bei ya viwanja. Kwa maoni yangu ubishi ule ulitokana na kazi walizogawana bila kufikiri wiki chache baada ya moto.

Wiki za kwanza

Mahitaji ya siku za mwanzo ni madogo na hayangoji. Bibi alitoka bila dawa za kisukari, bila miwani, bila meno ya bandia. Miwani na meno vilichukua wiki kadhaa kupatikana, na muda wote huo alikula vyakula laini na hakuweza kusoma fomu alizoambiwa atie sahihi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya nyumba vilikuwa kwenye kasha la chuma lililobaki chini ya vifusi. Simu ya mama ndiyo iliyokuwa na picha za vitambulisho vya wote, tena kwa bahati tu, kwa kuwa aliwahi kuzituma kwa ajili ya safari. Picha hizo zilifungua milango mingi kuliko barua yoyote ya serikali.

Misaada ilikuja kwa wingi, na mingi ilikuwa nguo. Mifuko ilipangwa pembeni ya chumba hadi ikafika dirishani. Binti alivaa sare yake ileile ya shule siku nne mfululizo, akiifua usiku, asiguse mfuko hata mmoja. Watu wazima walimwona ana kiburi. Nadhani alikuwa anajilinda: sare ndiyo nguo pekee iliyobaki ambayo ilikuwa yake kabla ya moto. Fedha taslimu kidogo, akachague mwenyewe vitu vitatu, zingefanya kazi ambayo mifuko yote ile haikuifanya.

Mtoa huduma mmoja aliwakusanya akawataka kila mtu asimulie alichokiona. Hilo ni kosa la nia njema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotoka mwaka 2011, umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mtu hasukumwi kusimulia. Anapewa utulivu, anasikilizwa akitaka kusema, kisha anaunganishwa na anachohitaji. Wakati ule bibi alihitaji dawa, na mvulana alihitaji kujua kesho atalala wapi.

Kesho yake walilala kwa ndugu wa mama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, lakini bibi hakupewa jembe. Nyumbani kwake yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka, anawasha jiko, anamwamsha mvulana, anakagua viatu. Katika nyumba ya wakwe alikaliswa kwenye kiti kizuri karibu na dirisha, akaambiwa apumzike. Wiki ya pili alimwita mama pembeni: "Mwanangu, nipeni hata vyombo nioshe. Nikikaa hivi naona nimekwisha." Mama akamjibu, "Mama, tulia, umeshachoka vya kutosha." Jibu la upendo, lakini halikuwa jibu la alichoomba. Katika faili zote za familia hii bibi ametajwa kama mgonjwa wa kuhudumiwa. Hakuna ukurasa unaomtaja kama mtu aliyepoteza kazi.

Majivu

Eneo lilipofunguliwa, baba alikwenda na binti. Mvulana alitaka kwenda pia. Akapelekwa, akabaki nje ya utepe na mjomba wake. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Majivu ya nyumba si majivu ya kuni. Kuna madini ya risasi ya rangi za zamani, aseniki ya mbao zilizotiwa dawa, asbesto ya vigae na mabomba ya miaka ya nyuma, na mabaki ya betri na plastiki. Anayeingia huvaa barakoa inayochuja chembe ndogo, si kitambaa, pamoja na glavu, viatu vigumu na nguo za kuvua kabla ya kupanda gari. Majivu hulowanishwa kidogo yasiruke. Mtoto wa miaka 7, anayeshika kila kitu kisha anashika mdomo, hana nafasi hapo.

Kule ndani mtu anasoma ukali wa moto kwa vitu vilivyobaki. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ndiyo maana rimu za gari zilikuwa zimetiririka zikagandia kwenye mteremko wa saruji kama vijito vya fedha. Vioo vya madirisha vilikuwa vimejikunja. Vikombe vya udongo vilivyochomwa kiwandani kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 vilitoka vizima, vimepoteza rangi tu. Baba alikuwa na chekecheo la waya. Binti anamwaga koleo, baba anatikisa. Walipata vikombe viwili na ufunguo wa chumba ambacho hakipo.

Kasha la chuma walilipata pia. Makasha mengi ya nyumbani hutengenezwa kulinda karatasi kwa muda uliopimwa, mara nyingi kati ya nusu saa na saa mbili, na vifusi vinaweza kufukuta kwa saa nyingi zaidi. Karatasi zilikuwa zimegeuka kahawia lakini zinasomeka. Flashi yenye picha za familia ilikuwa kwenye kasha hilohilo, nayo imekufa, kwa sababu joto ambalo karatasi inalivumilia plastiki hailivumilii. Hati ya nyumba ikapona, picha za harusi zikapotea.

Mama hakwenda. Alisema kuna simu za bima anazisubiri, na kweli zilikuwepo.

Aliyekaa kwenye nyumba iliyoungua na aliyekaa kwenye nyumba isiyojengwa

Bima ya nyumba kwa kawaida ina mafungu matatu yanayomhusu aliyeunguliwa: jengo, vitu vya ndani, na gharama za kuishi kwingine wakati nyumba haikaliki. Fungu la vitu vya ndani hudai orodha, na orodha hiyo inataka mengi: kitu gani, cha aina gani, kilinunuliwa lini, kwa kiasi gani. Umri wa kitu una maana kwa sababu kampuni nyingi hulipa kwanza thamani baada ya kuondoa uchakavu, na salio linafuata ukishanunua kipya na kuonyesha risiti. Si kazi ya jioni moja. Nyumba ya kawaida ina vitu maelfu ukianza kuhesabu vijiko. Kule California, baada ya mioto mikubwa ya miaka ya karibuni, sheria imezitaka kampuni zilipe sehemu ya fidia ya vitu bila kwanza kudai orodha, na gharama za kuishi kwingine zilipwe kwa angalau miezi 24 pale janga linapotangazwa rasmi. Familia yetu haikuwa na kinga hiyo. Orodha ilikuwa lazima, yote.

Mama ndiye aliyeichukua. Alikuwa na mwandiko mzuri na kumbukumbu kali, na baba alikuwa anakimbizana na wakandarasi, wapima ardhi na ofisi ya vibali. Mgawanyo ule ulionekana wa haki kabisa. Kila usiku, watoto wakilala, mama alifungua daftari. Alipita chumba hadi chumba: anaingia sebuleni, anageukia kushoto, anafungua droo ya kwanza ya kabati. Kuna nini? Chaja, mishumaa, albamu, kijisanduku cha shanga alichopewa na marehemu mama yake. Andika. Thamani? Umri? Droo ya pili.

Fikiria maana yake. Kwa zaidi ya miezi mitano, mwanamke huyu alikuwa anaingia kila usiku kwenye nyumba iliyoungua, anaitembelea droo kwa droo, anaipangia bei, kisha anaiacha iungue tena. Mumewe, saa hizohizo, alikuwa juu ya meza nyingine na ramani ya nyumba mpya, anasogeza mlango, anaongeza dirisha. Mmoja alikuwa anakaa kwenye nyumba isiyokuwepo tena, mwingine kwenye nyumba ambayo haijakuwepo bado. Watoto na bibi walikuwa wanakaa kwenye nyumba ya kupanga waliyokuwa wamehamia, na ukweli ni kwamba mle ndani hapakuwa na mzazi.

Baba alipoongea kuhusu kurudi, mama alisikia mtu anayemrudisha kwenye droo. Mama alipokataa, baba alisikia mtu anayemvunjia kitu pekee kilichomfanya aamke asubuhi. Hapo hoja za bei ya kiwanja zinamsaidia nani?

Mambo ya fedha yaliongeza moto juu ya moto. Mkopo wa nyumba hauungui pamoja na nyumba. Marejesho yanaendelea, na hundi ya fidia ya jengo mara nyingi huandikwa kwa jina la mwenye nyumba na la benki kwa pamoja. Isitoshe, kiwango cha bima kilikuwa kimewekwa miaka mingi nyuma. Hili ni tatizo la wengi: baada ya moto wa nyika ulioitwa Marshall Fire, huko Colorado, Marekani, tarehe 30 Desemba 2021, ulioteketeza zaidi ya nyumba 1,000 kwa siku moja, wamiliki wengi waligundua kwamba bima yao haitoshi kujenga upya. Bei za ujenzi hupanda miaka yote, kisha zinaruka zaidi mtaa mzima unapotafuta fundi kwa wakati mmoja. Baba aliona kila mwezi unaopita unamla. Haraka yake ilikuwa na hesabu, na si haki kuiita ukaidi.

Watoto, kwa kifupi na kwa urefu

Mvulana alicheza moto. Alipanga viberiti vitupu kama nyumba, akaviangusha, akaviokoa kwa gari la zimamoto, akarudia. Bibi alishtuka akataka akatazwe. Mchezo wa namna hiyo kwa umri wake si dalili mbaya ukiwa unabadilika: leo nyumba zote zinaungua, wiki ijayo moja inaokolewa. Wa kuangaliwa ni ule unaorudiwa bila kubadilika na unaomwacha mtoto na hofu zaidi. Wa kwake ulibadilika. Alichohitaji kilikuwa jambo jingine: kila jioni aliuliza kesho nani atamchukua shuleni, na akaambiwa "tutaona". Mtoto ambaye siku ya moto alikaa hadi usiku bila kujua mama yake yuko wapi hapaswi kuambiwa "tutaona". Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Melbourne baada ya mioto ya Jumamosi Nyeusi ya Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, iliyoua watu 173, ulionyesha kwamba kutengana na watu wa karibu wakati wa moto kulihusiana na afya ya akili ya watu miaka kadhaa baadaye, hata kama waliungana tena salama.

Kutokana na moto huohuo kuna matokeo mengine ambayo walimu wangepaswa kuyajua zaidi. Watoto wa shule za msingi zilizoathirika sana walionekana kupiga hatua ndogo katika kusoma na hesabu kati ya darasa la tatu na la tano, yaani miaka ya pili hadi ya nne baada ya moto, wakati misaada imeshaondoka na kila mtu anaamini yamekwisha. Shule ya mvulana ilimpa msaada wa ziada kwa muhula mmoja, kisha ikamtoa kwenye orodha kwa sababu alama zake zilikuwa nzuri. Ningemwacha kwenye orodha.

Binti ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Alama nzuri, mkimya, msaidizi wa kila mtu. Ndiye aliyejaza fomu za bibi, ndiye aliyemchukua mdogo wake shuleni "tutaona" iliposhindikana. Hakuwa na usumbufu wowote, kwa hiyo hakuna aliyemsogelea. Mtoto anayekuwa mzazi wa nyumba huwa hatoi taarifa.

Kubadilishana kazi

Mshauri aliyeingia mwezi wa saba baada ya moto hakuwauliza watajenga au hawatajenga. Aliomba kuona nani anafanya nini kuanzia alfajiri hadi usiku, akaandika yote kwenye karatasi moja kubwa ukutani. Kisha akapendekeza mambo mawili. Uamuzi wa kurudi au kuhama uwekwe kando hadi mwaka wa shule uishe, huku yakiendelea yale tu yasiyofunga mlango wowote: vifusi viondolewe, udongo upimwe, madai ya bima yasonge, kibali kiombwe. Na wazazi wabadilishane kazi: baba achukue daftari la orodha, mama achukue ramani.

Pendekezo la kwanza wengi tungelitoa. La pili ndilo lililogeuza mambo.

Baba alianza na chumba cha kulala cha bibi na banda la zana. Zana zilimwendea vizuri, kila spana na bei yake. Kwenye chumba cha mama yake alikwama kwenye kabati la nguo: hakuwa anajua kilichokuwemo. Ikabidi amwite bibi akae naye, ataje. Bibi akataja kanga kwa kanga, nani alimpa na kwa sababu gani, usiku mbili nzima. Ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa tangu moto, na aliifanya kwa ukali. Alimsahihisha mwanawe mwaka wa kanga mara kadhaa. Baada ya hapo baba aliacha kusema "vitu tu". Mpango wa kuanza msingi kabla ya mvua aliuahirisha mwenyewe, bila kuombwa.

Mama naye, mbele ya ramani, hakuzungumzia vyumba kabisa. Aliuliza kuhusu barabara. Mtaa wao ulikuwa na njia moja ya kutokea, na siku ya moto alikuwa kwenye njia hiyo na mama mkwe asiyeweza kukimbia, magari hayasogei, moshi unashuka. Mumewe hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo yote. Hofu yake ikapata anwani. Si ya kujitungia: Paradise, California, mji ulioteketezwa na moto wa nyika ulioitwa Camp Fire tarehe 8 Novemba 2018 na watu 85 wakafa, ulikuwa na njia chache za kutokea, na foleni ziliwakwamisha watu katikati ya moto. Sensa ya 2010 iliukuta mji huo na watu 26,218. Ya 2020 ikawakuta 4,764. Wasiorudi hawakuwa wachache wala waoga.

Kuanzia hapo mama ndiye aliyefanya utafiti wa kiwanja, na aliufanya vizuri kuliko mumewe. Alijifunza kwamba nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa miali. Huunguzwa na cheche zinazotangulizwa na upepo, zinazoingia kwenye matundu ya hewa ya dari au kutua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa. Jack Cohen, mtafiti wa moto wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kinachoamua ni nyumba yenyewe na kilicho ndani ya mita 30 kuizunguka. Jirani wa kushoto, mwenye vyungu, alikuwa na changarawe kuzunguka ukuta na wavu mwembamba wa chuma kwenye kila tundu. Bahati ilichangia, bila shaka. Changarawe pia.

Aliuliza na swali ambalo kijitabu cha misaada hakikuligusa: maji. Baada ya moto wa Santa Rosa wa 2017 na wa Paradise wa 2018, benzini, kemikali ya sumu, ilipatikana kwenye mabomba ya maji, inaaminika kwa sababu presha ilishuka, moshi ukavutwa ndani na mabomba ya plastiki yakapata joto. Kuchemsha maji hayo hakuondoi hatari. Kunaipeleka hewani jikoni. Mamlaka ya maji ikamwambia mama kipimo cha mtaa wao bado.

Hali ilivyo hadi mwezi wa 18

Kiwanja kimesafishwa na udongo umepimwa. Nyumba haijaanza kujengwa. Familia imekubaliana kwa maandishi, na mume na mke wote wametia sahihi, kwamba itajenga iwapo njia ya pili ya kutokea mtaani itapitishwa katika mpango wa halmashauri na kipimo cha maji kikitoka salama. Yasipotimia kabla malipo ya nyumba ya kupanga hayajakoma, watauza. Baba halipendi sharti la barabara kwa sababu haliko mikononi mwake. Mama analipenda kwa sababu hiyohiyo, na kila mwezi anahudhuria vikao vya mtaa kuhusu barabara hiyo, yeye ambaye hakutaka kupita pale.

Bibi anaamka wa kwanza tena na kukagua viatu. Ratiba ya kuchukua watoto inabandikwa mlangoni kila Jumapili, na jina la binti haliruhusiwi kuandikwa humo.

Faili la binti ndilo lililo wazi bado. Mwezi wa 16 alianza kugoma kwenda shule siku za upepo mkali, na mwalimu wake akaripoti utoro. Amepangiwa mshauri wake peke yake, mbali na wazazi, na kikao cha kwanza alizungumzia chekecheo la waya kwa dakika arobaini.